Miguu ya Mzee na Kinga Yake

Mzee akianguka, hupelekwa kwa daktari wa mifupa. Mzee huyo huyo akishikwa na nimonia, hupelekwa kwa daktari wa mapafu. Foleni mbili, madaktari wawili, na huenda wasizungumze hata siku moja kuhusu mtu huyo mmoja. Naamini mpangilio huo unawanyima wazee wetu haki yao, kwa sababu utafiti wa miongo ya karibuni unaonyesha kwamba uwezo wa kusimama imara na uwezo wa mwili kupambana na virusi huchakaa pamoja, na mmoja ukishuka huuburuta mwingine. Namtunza mama yangu, ambaye sasa ni mtu mzima sana, kwa hiyo tafiti hizi sizisomi kwa udadisi tu. Nazisoma nikitafuta la kufanya.

Nianze na virusi. Vinapoingia ndani ya seli, seli ile haikai kimya. Ina vitambuzi vinavyobaini chembe ngeni za urithi, na vikishazibaini, seli hutoa protini ya kuzitahadharisha seli za jirani ili zijikinge kabla hazijafikiwa. Protini hiyo ni interferoni. Iligunduliwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann katika maabara ya Mill Hill, London. Walichukua vipande vya utando kutoka kwenye mayai ya kuku yenye viinitete, wakavichanganya na virusi vya mafua vilivyoharibiwa kwa joto, kisha wakaona kwamba majimaji yaliyotoka hapo yaliweza kukinga vipande vingine vipya dhidi ya virusi vilivyo hai. Hakuna kingamwili iliyohusika, yaani zile protini za damu zinazomnasa mvamizi mmoja mahususi. Ilikuwa ni seli kuambiana habari.

Kwa kijana habari hiyo hutoka mapema na kwa wingi. Kwa mzee huchelewa, na hata ikitoka huwa hafifu. Zipo seli za damu ambazo kazi yake kubwa ni kumwaga interferoni pindi virusi vinapoingia. Umri ukisonga hupungua, na zile zinazobaki hutoa kidogo. Katika siku ya kwanza ya maambukizi, kuchelewa kwa saa chache kunavipa virusi nafasi ya kuzaliana mara nyingi mno.

Janga la UVIKO-19 lilifichua jambo jingine ambalo mpaka leo likinijia kichwani hunikosesha utulivu. Mwaka 2020, kundi la Jean-Laurent Casanova na Paul Bastard lilionyesha kwamba angalau asilimia 10 ya wagonjwa waliokuwa mahututi walikuwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe. Mwaka uliofuata walipima damu ya maelfu ya watu ambao hawakuwa wameambukizwa. Kwa walio chini ya miaka 70, kingamwili hizo zilikuwa adimu, hazifiki hata asilimia 1. Kwa waliopita miaka 70 zilionekana kwa takriban asilimia 4. Watafiti wakakadiria kwamba zinahusika katika karibu asilimia 20 ya vifo vya ugonjwa ule. Yaani kuna wazee wanaotembea wakiwa wazima kabisa, hawana dalili yoyote, huku king'ora chao cha kwanza kimeshakatwa waya.

Halafu kuna tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Kazi yake ilijulikana mwaka 1961 kupitia kwa Jacques Miller: hapo ndipo seli T hukomaa, na ndizo zinazozisaka seli zilizokwisha kuvamiwa na virusi. Tezi hii huanza kunywea tangu ujanani, na sehemu kubwa ya nyama yake hugeuka mafuta. Kwa hiyo mzee anaishi zaidi kwa akiba ya seli zenye kumbukumbu ya maradhi ya zamani, na seli changa zinazoweza kujifunza adui mpya ni chache. Juu ya hayo, mwili wake huwa na uvimbe wa chini kwa chini usiokwisha, si wa jipu bali wa kinga kubaki imewaka kana kwamba kuna jeraha, hali ambayo Claudio Franceschi wa Italia na wenzake waliieleza mwaka 2000. Kemikali za uvimbe zinakuwa juu kidogo kila siku hata pasipo ugonjwa, na uvimbe huo huo unatafuna misuli. Hapo ndipo niliposhtuka mara ya kwanza. Jambo moja linadhoofisha ulinzi na mapaja kwa wakati mmoja.

Sasa nije kwenye usawa wa mwili. Kusimama wima kunaonekana ni jambo la bure, lakini ubongo hulifanyia kazi bila kupumzika. Hukusanya taarifa kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na vihisi vilivyomo kwenye nyayo, vifundo na misuli. Kisha hutuma amri kwa miguu kabla mwenyewe hajatambua kwamba ameyumba. Umri hugusa kila hatua ya safari hiyo. Vinyweleo vya hisia katika sikio la ndani hupungua, nyayo hupoteza hisia, macho hufifia, na misuli iliyopaswa kuitikia kwa kasi ndiyo inayopotea kwanza.

Dalili za mapema ni ndogo na ni rahisi kuzipuuza. Mama alizoea kuvaa viatu akiwa amesimama, mguu mmoja juu, mkono haushiki kitu. Siku nilipotambua kwamba sasa anakaa kitandani kwanza ndipo avae, nilimwuliza, akanijibu, "Uchovu tu, mwanangu." Haukuwa uchovu tu. Mwaka 1997 watafiti wa Umeå, Uswidi, walichapisha jaribio jepesi ajabu: walitembea na wazee wa makazi ya uangalizi, kisha wakaanzisha mazungumzo njiani. Kati ya wazee 58, kuna 12 waliosimama ili waweze kujibu. Ndani ya miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Mzee anayelazimika kusimama ili azungumze anatuambia kwamba kutembea kumeshamaliza nafasi yote ya ubongo wake.

Kipimo cha kusimama kwa mguu mmoja nacho kina uzito wake. Huko Rio de Janeiro, Claudio Gil Araújo na wenzake waliwapima watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75: simama kwa mguu mmoja sekunde 10 bila kushika kitu. Mmoja katika kila watano alishindwa. Walifuatiliwa kwa takriban miaka saba, na matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kati ya walioshindwa, asilimia 17.5 walikuwa wamefariki. Kati ya walioweza, asilimia 4.6. Kundi lililoshindwa lilikuwa na watu wazee zaidi na wenye maradhi zaidi, na hata baada ya watafiti kuondoa tofauti hizo kwenye hesabu, hatari ya kufa ilibaki juu kwa asilimia 84. Sisomi hapo kwamba kusimama kwa mguu mmoja kunaongeza maisha. Ninachosoma ni kwamba sekunde hizo 10 zinaonyesha hali ya mwili mzima, kuanzia neva na misuli hadi mishipa ya damu.

Na virusi vyenyewe vinaweza kuupiga usawa moja kwa moja. Mtu aliyewahi kuugua tetekuwanga utotoni hubaki na virusi vyake vimelala ndani ya vifundo vya neva kwa miongo mingi. Seli T zikilegea, huamka na kuleta mkanda wa jeshi. Vikiamka kwenye neva iliyo karibu na sikio, huleta maumivu makali, malengelenge ya sikio, kupooza upande mmoja wa uso, na mara nyingi kizunguzungu cha kumwangusha mtu. Daktari wa Marekani James Ramsay Hunt alieleza hali hiyo mwaka 1907. Kwa mzee ambaye tayari anayumba, shambulio kama hilo linaweza kuwa mwanzo wa kutotoka tena nje.

Kuna jambo ambalo ningependa kila anayeishi na mzee alijue. Maambukizi kwa mzee mara nyingi hayaji na homa. Mwili ambao kengele zake zimedhoofika haupandi joto kama wa kijana. Badala yake mzee huchanganyikiwa, hulala mno, hukataa chakula, au huanguka. Ukiona mtu aliyekuwa akitembea vizuri ameanguka mara mbili katika siku chache, usiishie kulaumu sakafu. Mpeleke apimwe maambukizi ya mapafu na ya njia ya mkojo.

Safari ya upande wa pili inajulikana vizuri zaidi. Akivunjika nyonga, analala. Akilala, mapafu hayajai hewa vizuri, kikohozi kinakosa nguvu, na nimonia ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo baada ya mvunjiko huo. Lakini si lazima avunjike. Mwaka 2013 Leigh Breen na wenzake waliwaomba wazee 10 wenye afya nzuri wapunguze hatua zao za kila siku kwa takriban robo tatu, kwa wiki mbili tu. Hakuna aliyelazwa; walikaa tu kuliko kawaida. Misuli ya miguu ilipungua kwa karibu asilimia 4, na viashiria vya uvimbe kwenye damu vikapanda. Wiki mbili! Ndio muda ambao mtu hupoteza akiuguza mafua mazito, au akiwa amejawa na hofu baada ya kuteleza mara moja. Hofu hiyo tusiidharau. Wazee wengi hupunguza kutembea kwa sababu ya mwanguko ambao haukuwavunja chochote.

Sasa nifike kwenye utafiti ulionifanya niandike haya yote. Michael Irwin wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha mwaka 2007 jaribio la watu 112 wenye afya, umri kati ya miaka 59 na 86. Wote walikuwa wameshawahi kuugua tetekuwanga. Kwa kura, wakagawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa tai chi kwa wiki 16: miondoko ya polepole, magoti yamekunjwa kidogo, uzito ukihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, pumzi ikifuata mwendo. Kundi la pili lilipewa masomo ya afya kwa muda ule ule. Baada ya hapo wote wakachanjwa chanjo ya tetekuwanga, na watafiti wakapima seli T zinazovitambua virusi vile.

Kabla hata sindano haijaingia, seli hizo zilikuwa zimeongezeka kwa waliofanya tai chi. Kabla ya chanjo! Na baada ya chanjo, kiwango chao kilikuwa juu kwa takriban asilimia 40 kuliko cha waliopata masomo tu, kasi ya kupanda kwa kinga yao ikiwa karibu mara mbili. Washiriki wale wale waliripoti pia maumivu kidogo na nguvu zaidi, na wale waliokuwa na usingizi mbaya wakalala vizuri zaidi. Ikumbukwe kwamba jaribio hili lilipima seli za damu, halikuhesabu nani alipata mkanda wa jeshi na nani hakupata. Hata hivyo, kwangu ni ushahidi kwamba kinga ya mzee inasikia kinachotokea kwenye magoti na kwenye pumzi yake.

Je, mazoezi yoyote ya usawa yanatosha? Hapa ndipo inabidi tuwe wakweli, na ndipo makala nyingi za afya hupita haraka. Mwaka 2009 Jeffrey Woods na wenzake wa Illinois walichapisha jaribio la wazee 144 wasiokuwa na mazoea ya mazoezi. Nusu walifanya mazoezi ya moyo na mapafu kwa miezi 10, ya kiwango cha kutoa jasho. Nusu nyingine, waliokuwa kundi la kulinganisha, walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo na ya usawa. Wote wakachanjwa chanjo ya mafua katikati ya kipindi hicho. Wiki 24 baadaye, walioendesha moyo ndio waliobaki na kingamwili za kutosha kwa wingi zaidi. Kundi la usawa halikufika hapo.

Tafiti hizi mbili zikiwekwa pamoja zinaonekana kupingana. Mimi sioni hivyo. Tai chi huunganisha mambo kadhaa: misuli ya mapaja inafanya kazi muda wote, akili inatulia, usingizi unaboreka, na homoni za mfadhaiko, ambazo zikizidi hukandamiza seli T, zinapata sababu ya kushuka. Kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika kiti hakufanyi yote hayo. Msuli unaofanya kazi kweli ndio unaozungumza na kinga. Bente Klarlund Pedersen wa Copenhagen na wenzake walionyesha kuanzia mwaka 2000 kwamba msuli unaojikunja hutoa ndani ya damu protini iitwayo interlukini-6, ambayo ikitoka kwa njia hiyo huchochea kemikali za kutuliza uvimbe. Na ndani ya dakika chache za mazoezi, seli T na seli za NK, zile zinazoua seli zilizoambukizwa, hutoka kwenye maficho yake na kujaa kwenye mzunguko wa damu.

Mfano uliokithiri ni wa waendesha baiskeli 125 wa Uingereza, wenye miaka 55 hadi 79, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018 na Niharika Duggal, Janet Lord wa Birmingham na wenzao. Hao ni watu waliokuwa wamepanda baiskeli sehemu kubwa ya maisha yao ya utu uzima. Idadi ya seli T changa zinazotoka kwenye thaimasi zao ilikaribia ya vijana. Sitamwambia mama apande baiskeli kilomita 100. Lakini habari hiyo imeniondolea fikra kwamba tezi ile hunywea kwa ratiba isiyobadilika.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: mazoezi ya usawa ndiyo mlango, na kutembea kwa bidii ndiko kunakoingia kupitia mlango huo. Mzee anayeogopa kuanguka hatatembea kwa kasi ya kutosha kuuendesha moyo. Hatapanda ngazi. Mpe kwanza miguu anayoiamini.

Na kwa upande wa kuanguka, ushahidi ni mkubwa kiasi kwamba inauma kuona jinsi usivyotumika. Mwaka 2019 Catherine Sherrington wa Sydney na wenzake walijumlisha majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000, wakakuta kwamba mazoezi hupunguza mianguko kwa asilimia 23. Yakichanganywa ya usawa na ya nguvu, punguzo hufika takriban asilimia 34. Mwaka mmoja kabla, Fuzhong Li wa Oregon alikuwa amewafuatilia wazee 670 wa miaka 70 na zaidi waliokuwa kwenye hatari ya kuanguka: tai chi iliyobuniwa mahsusi kwa ajili ya usawa ilipunguza mianguko kwa asilimia 58 ikilinganishwa na kunyoosha viungo. Programu ya Otago ya New Zealand ni ya nyumbani kabisa, mtaalamu huja mara chache kupandisha ugumu, na ilipunguza mianguko kwa takriban asilimia 35. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo 684,000 kila mwaka vitokanavyo na kuanguka. Sijui dawa ngapi zingeachwa kabatini kwa matokeo kama hayo.

Sharti moja linarudiwa katika tafiti hizi zote: mazoezi lazima yautikise usawa wenyewe. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu katika vituo vingi wazee hukalishwa kwenye viti wakazungusha mikono, kwa nia njema ya kuwalinda. Mikono itachangamka, lakini miguu haitajifunza kitu.

Mama hufanyia yake kwenye sinki, kwa sababu ukingo wake hautikisiki kama kiti. Alianza akiwa ameunganisha miguu, viganja vyote viwili juu ya ukingo. Kisha mguu mmoja ukasogea mbele nusu hatua. Kisha kisigino mbele ya vidole, kwenye mstari mmoja, hapo ndipo vifundo vilipoanza kutetemeka, na mimi nikasimama nyuma yake bila kumgusa. Viganja vikawa vidole, vidole vikawa kidole kimoja. Alipozoea, nikamwomba ageuze kichwa taratibu kushoto na kulia, kwa sababu shingo ikigeuka sikio la ndani hulazimika kufanya kazi. Kufumba macho tumekuacha kwa mfiziotherapia, mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo. Baada ya usawa hukaa na kuinuka kitini bila kutumia mikono, kisha tunatoka kutembea, na huko nje ninamsemesha makusudi. Siku hizi hasimami ili anijibu.

Mwenye kizunguzungu cha ghafla, maumivu ya kifua au mvunjiko wa karibuni amwone daktari kwanza. Na hakuna zoezi linalochukua nafasi ya chanjo. Chanjo ya mkanda wa jeshi yenye kichocheo, Shingrix, ilizuia ugonjwa kwa asilimia 97 kwa waliopita miaka 50 na karibu asilimia 90 kwa waliopita miaka 70, ilhali chanjo ya zamani ya virusi hai ilifika asilimia 51 tu kwa waliopita miaka 60. Chanjo ya mafua ya dozi kubwa ilizuia visa zaidi kwa asilimia 24 kuliko ya kawaida, katika jaribio la wazee karibu 32,000 lililochapishwa mwaka 2014. Kinga ya mzee ikisukumwa ipasavyo huitikia.

Ndiyo maana nataka mambo haya mawili yafanyike chumba kimoja. Mzee anayefika kuchanjwa mafua asimame kwa mguu mmoja sekunde 10 mbele ya muuguzi, karibu na ukuta, na akishindwa aandikiwe rufaa ya mazoezi siku hiyo hiyo. Na mfiziotherapia anayempokea mzee aliyeanguka amwulize amechanjwa nini, amechanjwa lini, na kama wiki iliyopita alikuwa na kikohozi.